Uzi Mwekundu Nyuma ya King'amuzi

Paa la nyumba yetu nimelipanda mara tisa, na hesabu hiyo si yangu, ni ya mtaa. Watu wa Jadida hawana haya ya kuhesabu. Mwanamke wa miaka arubaini na sita, mjane, fundi cherehani, kavaa suruali ya marehemu mumewe chini ya dera, yuko juu ya bati anageuza antena, na chini wamesimama watu wanampa maelekezo ambayo hakuyaomba. "Igeuze bara!" "Bara wapi, igeuze Unguja!" "Hapo hapo, usiiguse tena!" Nashuka, naingia ndani, natazama kioo, na kioo kimeandika lile lile: hakuna mawimbi.

Wala sikupanda kwa ajili ya tamthilia. Nilipanda kwa sababu nilitaka kuolewa. Nalisema hivi hivi bila ya kulifunika, maana wakati ule nililifunika sana na halikunifaa kitu.

Mambo yalikuwa hivi. Mama yangu alianguka msalani, akapata kiharusi chepesi, mguu wa kushoto ukalala. Daktari alisema huo ni mguu wa kurudi, ufanyishwe mazoezi tu. Nikafunga banda langu la kushonea pale sokoni Wete, nikahamishia cherehani nyumbani, nikawa nashona sebuleni na sikio liko chumbani. Asubuhi na jioni namkanda kwa mafuta. Akitaka kwenda msalani namweka mgongoni, nampeleka, nangoja mlangoni, namrudisha. Mguu ukakataa kurudi. Nikasema hii ni kadari, na mtu hashindani na kadari.

Watoto wa mama tuko wawili tu. Mwenzangu ni kaka yangu, yuko Unguja na kazi yake, mke wake na watoto wake, na hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Baba alishafariki, kwa hiyo kaka ndiye walii wangu. Bila yeye sina ndoa, ila niende kwa kadhi nikaozeshwe huko, na mtu haendi kwa kadhi kumshitaki kaka yake mpaka maji yawe yamemfika shingoni.

Na mposaji nilikuwa naye. Mtu wa Kengeja, kafiwa na mke, ana migomba yake na konde za mihogo. Alinijia na vitambaa vya sare za wajukuu. Akaja kuzichukua. Akaja tena kusema zinabana. Akaja mara ya nne kusema sasa zinapwaya, na wajukuu wenyewe sijapata kuwaona hata mmoja. Nikamuuliza, "Hivi bwana, hizi sare wanavaa watoto au unavaa wewe?" Akacheka mpaka akatafuta kiti akakaa. Miaka sita mtu alikuwa hajakaa mbele yangu akacheka namna ile. Mtoto sikujaaliwa, mume nilimzika, na nilishajiweka katika kundi la watu ambao mambo yao yamekwisha. Kumbe bado.

Wazee wake walikwenda Unguja kwa kaka, wakapokelewa vizuri, wakala, wakanywa. Kaka akanipigia simu. "Mtu mwenyewe sina neno naye," akasema. "Na mtu wa kumpikia mama na kumuosha atapatikana, watu hawakosi. Lakini mchana kutwa mama atazungumza na nani? Mimi namletea tivii. Nataka nione miezi mitatu mama katulia na tivii yake. Akitulia, nakuja kukuozesha mwenyewe. Asipotulia, dada, mimi siwezi kubeba laana ya kumwacha mama ndani ya nyumba kimya."

Simu ilikuwa kwenye spika, maana mama sikio moja zito. Akasikia yote. Akanishika mkono akasema, "Mimi sina pingamizi. Mwanangu kanitumikia vya kutosha, na yeye akapate kwake. Mimi tivii yangu yanitosha." Nikaubusu mkono ule. Nakumbuka niliubusu mara mbili, kwa nje na kwa ndani.

Tivii ikaja kwa boti mpaka Mkoani, na kutoka Mkoani mpaka Wete nikaipakata mwenyewe kwenye gari, sikumwamini mtu. Fundi akaja na mlingoti wa mkoko, akafunga antena juu, akateremsha waya ukutani, akaupitisha dirishani mpaka chumbani kwa mama. King'amuzi kikawekwa juu ya kabati inayotazamana na kitanda, hatua tatu hivi. Wiki mbili za mwanzo picha ilikuwa safi, jasho la msomaji wa habari unaliona. Mama anatazama mawaidha, anatazama tamthilia za Waturuki waliotiwa Kiswahili mdomoni, anawatukana wakwe wabaya, anacheka. Nikaanza kujishonea nguo. Sitaki kusema nguo gani.

Wiki ya tatu nikarudi kutoka sokoni nikamkuta anatazama kioo cheusi. "Imezima yenyewe tu, mwanangu," akasema. "Toka ulipotoka."

Zamani tulikuwa na chenga. Wenye umri wangu wanazijua. Antena ikikosea kidogo, picha inajaa chenga, lakini mtu unamwona, na sauti unaisikia, na ukiipiga tivii kofi ubavuni huenda ikatengenea. Hii ya dijitali haina huruma hiyo. Ama ipo, ama haipo. Katikati pana muda mfupi tu picha inakatika vipande vya mraba, mdomo wa mtu uko huku na jicho liko kule, halafu kimya. Haikwambii inaumwa wapi.

Lakini mimi ni fundi. Nguo ikija haikai mabegani, sikati ovyo. Nafumua mshono mmoja, natazama, nafumua wa pili. Nikaifanya tivii vivyo hivyo. Kwanza nikazima kila kitu nikawasha. Halafu nikaingia kwenye orodha ya king'amuzi, pale penye mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mmoja wa ubora, nikaona yote miwili imelala. Nikachomoa kichwa cha waya nyuma ya king'amuzi, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakikaza. Picha ikarudi. Nikasema basi, kutu ya chumvi. Huku kwetu chumvi inakula mpaka misumari ya jeneza.

Siku mbili ikakaa, ya tatu ikazima. Nikapanda juu, nikakuta pale fundi alipounganisha waya pamefungwa kwa mfuko wa nailoni, ndani maji, na shaba imegeuka kijani. Nikaukata waya, nikaweka mzima. Ikakaa siku nne. Nikapanda tena kugeuza antena, na hapo ndipo mtaa ulipopata pa kukaa jioni, kila mtu mtaalamu. Ikakaa wiki. Ikazima. Nikaenda kumwomba jirani mmoja akate tawi la mfenesi lililokuwa likiziba, akanambia mfenesi ule una umri mkubwa kuliko mimi na haujawahi kumzuia mtu asiolewe. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa na maana. Mtaa wote ulishajua kwamba ndoa yangu inaning'inia kwenye antena.

Mama mwenyewe akasema tivii imepata kijicho. "Watu wanapita hapa dirishani wanaitazama, mwanangu. Ifukize." Nikaleta chetezo, nikafukiza udi nyuma ya king'amuzi, nusura nikiunguze. Mama akawa ananitazama kutoka kitandani, ananionea huruma. Niliiona ile huruma kwa macho yangu, na mpaka leo naamini ilikuwa ya kweli, ndiyo maana inanikera.

Nikafungua daftari. Nikaandika kila siku inapozima: upepo wa wapi, mvua iko haiko, bahari imejaa au imekupwa, umeme una nguvu au mdogo, kunguru wametua juu ya antena au hawakutua. Daftari zuri kabisa, fundi yeyote angeliheshimu. Na humo ndani niliandika kila kitu isipokuwa kimoja: mimi mwenyewe siku hiyo nilikuwa wapi. Haikunipitia akilini.

Ijumaa ikifika, kaka anapiga. "Tivii vipi?" Mama anajibu kabla yangu. "Imezima tena, baba. Lakini usimlaumu dada yako, anahangaika maskini, kutwa yuko juu ya bati. Nimekaa tu hapa nahesabu miti ya dari." Kaka anaguna. Mimi nainamisha kichwa kama niliyevunja sahani ya watu. Na baada ya simu mama ananambia, "Usijali, itatengenea tu."

Nilikwenda Kengeja mara moja na shangazi yangu kuitazama nyumba. Nyumba pana, ua umefagiwa, na yule bwana kasimama kando hajui mikono yake aiweke wapi. Nilirudi nimejaa furaha. Nikamkuta mama kajifunika mpaka kichwani, tivii imekufa toka asubuhi, chai aliyoachiwa hakuigusa. Nikalia. Nikapanda juu ya bati na nguo zile zile za safari.

Mwezi wa Ramadhani ukaja, tivii ikazima wiki nzima ya mawaidha. Kaka akaja kwa Idi, akakaa siku tatu, akaitazama antena kwa kuinua kichwa tu, akasema, "Miezi mitatu imepita, dada. Unaona mwenyewe." Niliona.

Yule bwana akaja sebuleni kwangu. Alikataa chai. Akasema, "Mimi mtu wa kungoja, migomba imenifundisha. Lakini nambie ukweli wako, kuna kungoja?" Nikamtazama, nikatazama mlango wa chumbani, nikamwambia, "Mama hawezi hata kusimama. Na tivii yenyewe hii haikai. Usingoje." Nikairudisha posa kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Akasema nimshonee basi mto mmoja wa kukalia, maana hakutaka kutoka mikono mitupu. Nikamshonea.

Baada ya hapo tivii ikapona.

Ikapona kabisa. Wiki mbili haikukatika hata mara moja, na zilikuwa wiki za mvua, upepo unapinda minazi, antena inacheza juu ya mlingoti. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi ilinitia baridi. Kitu kibovu ambacho hujakigusa hakiponi chenyewe, si nguo, si cherehani, si waya. Nikalifungua daftari langu, nikakaa nalo, na kwa mara ya kwanza nikaandika pembeni ya kila siku nilikokuwa. Sokoni. Kengeja. Sokoni. Kwa shangazi kuzungumza mahari. Wageni wa Kengeja wamekuja. Siku nilizoshinda nyumbani bila ya mgeni wala habari ya harusi, hakuna kilichozima.

Halafu shangazi akaja. Akakaa chumbani kwa mama, akasema kwa sauti, kama kawaida yake, kwamba yule bwana bado ananiulizia, na posa iliyorudishwa huweza kurejea. Kesho yake nilitoka kununua nyuzi, nikarudi, tivii imezima.

Nikakirudisha kichwa cha waya, nikakikaza, halafu nikachukua uzi mwekundu, nambari nyembamba kuliko zote nilizonazo, nikaufunga kutoka kwenye kichwa cha waya mpaka kwenye tundu lake. Ukikigeuza hata robo, uzi unakatika. Niliufunga mama akiwa amelala. Kesho yake nikaaga nakwenda sokoni, nikaenda kweli, nikarudi. Kioo cheusi. Nikatia mkono nyuma ya king'amuzi. Uzi umekatika.

Basi ni mkono wa mtu. Lahaula! Miezi yote ile nilikuwa napigana na bahari, na upepo, na mfenesi wa watu, kumbe ni mkono. Nikajiuliza nani anaingia humu, na jina likaja upesi mno, kama majina mabaya yanavyokuja. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mwalimu, mwanamke wa bara, Mkristo, amepanga pale miaka mitatu. Alikuwa akija kumsalimia mama, anakaa naye, anamletea ndizi mbivu. Nikamfuata barazani kwake nikiwa nimewaka. Nikamwambia mbele ya watu kwamba tulimpokea vizuri, na yeye anaingia nyumbani kwetu kutuchezea vitu vyetu. Nikasema na mengine. Nikasema "nyinyi watu wa kuja." Hilo neno nilitamani nilimeze hata kabla halijamaliza kutoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, asubuhi unazokwenda sokoni, mimi niko darasani na watoto hamsini. Waulize. Mimi sijui nani anagusa tivii yako. Ila kaa ufikirie, ukitoka wewe, anabaki nani mle ndani?" Akaingia kwake, akafunga mlango polepole. Nilimwomba radhi baadaye, akanipa kwa ulimi, lakini ndizi hakuleta tena.

Nikarudi nyumbani nikamtazama mama. Kalala, mguu wa kushoto umenyooka juu ya mto kama nilivyouweka. Nikasema moyoni, astaghfirullah, unamdhania mama yako, mtu ambaye hawezi kukanyaga. Nikajitukana. Lakini nikafunga uzi mwingine.

Asubuhi iliyofuata nikaaga. "Mama, naenda sokoni, leo nitachelewa kidogo, nna mambo yangu na shangazi." Nikaitaja makusudi ile habari ya shangazi. Nikatoka mlango wa mbele, nikaubamiza, nikazunguka ubavuni mwa nyumba, nikasimama chini ya dirisha lake mahali pazia halifiki.

Haikuchukua muda. Mama akainua kichwa akasikiliza. Akakaa. Akateremsha mguu wa kulia, akateremsha wa kushoto, akasimama. Hakujishika popote. Akajifunga kanga vizuri, akatembea hatua zake mpaka kwenye kabati, hatua za mtu anayekwenda jikoni kwake, akatia mkono nyuma. Nikauona mkono unazunguka. Picha ikakatika vipande, ikafa. Akauchukua ule uzi, akautazama kwenye mwanga, akautumbukiza kifuani. Kwa ncha ya kanga akapangusa vumbi juu ya tivii. Halafu akarudi kitandani, akajilaza, na kwa mikono yake miwili akaunyanyua mguu wa kushoto akauweka juu ya mto, taratibu, vile vile ninavyouweka mimi.

Kilichonivunja ni hapo. Waya ningeusamehe.

Niliingia kwa mlango wa mbele. Nilidhani nitapiga kelele, nikasikia sauti yangu ndogo. "Mama. Nimekuona."

Hakuuliza nimeona nini. Akatazama dari.

"Toka lini?"

"Toka mwezi wa Maulidi," akasema.

Mwezi wa Maulidi! Tivii yenyewe ilikuwa haijaja. Posa ilikuwa haijaja. Nilikuwa nimembeba mgongoni miezi na miezi mtu anayetembea, kiuno changu kinapiga kelele usiku, na yeye anapanda mgongoni kimya na mikono kanizungushia shingoni.

"Mbona hukunambia?"

"Siku ya kwanza nilitaka kukwambia. Nikasema nimalize wiki. Ulipokuwa ukinibeba nilikuwa nasikia raha." Alisema hivyo bila aibu, kama anayesema chai imekolea. "Halafu akaja yule mtu."

"Si ulisema mwenyewe niende? Si ulinishika mkono ukasema una tivii inakutosha?"

"Ulitaka niseme nini? Niseme usende? Mama gani asemaye vile mbele ya wanawe?" Ndipo akanitazama. "Ungekwenda, usingerudi. Kaka yako alisema anakwenda mwaka mmoja. Mwaka gani huo?"

Nilimwambia maneno. Siyaandiki yote. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu kilikuwa mgongoni. Nilimwambia nimemtukana mwalimu wa watu kwa ajili yake. Nilimwambia kwamba yule bwana nimemfukuza kwa mdomo wangu kwa ajili ya mguu ambao si mgonjwa na waya ambao si mbovu. Nilipomaliza akaomba maji. Nikamletea. Ndiyo, nilimletea, mkono ulikwenda wenyewe.

Nikampigia kaka. Haikuwa Ijumaa, akapokea kwa wasiwasi. Nikamwambia neno moja tu: "Mama anatembea."

Mtoto aliyeambiwa mama yake aliyelemaa anatembea, atasema nini? Atasema alhamdulillahi. Hata asiyesali atasema. Nilingoja ile alhamdulillahi. Kaka yangu akasema, "Nani kakwambia?"

"Wewe ulijua."

Akajikohoza. "Siku ya Idi. Wewe ulikuwa umekwenda kusali. Nikagonga, akanifungulia mlango. Akaniapisha nisiseme."

"Na ukanitazama usoni ukanambia miezi mitatu imepita, unaona mwenyewe."

"Sasa ningefanyaje, dada? Ningemchukua nimweke wapi? Nyumba yangu unaijua, mke wangu unamjua. Nikaona mimi nna watoto wanne, wewe..." Hakumaliza.

"Mimi nini?"

"Wewe ni mtu mmoja," akasema.

Nilikata simu. Nilikaa kwenye cherehani sikushona kitu. Mtu mmoja! Kwa hiyo mimi hasara yangu ni ndogo, ndivyo alivyokuwa amepima. Nilichukia siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nilichukia zaidi kwamba mtu niliyempokea kwa Idi, akala biriani niliyoipika, alikuwa ameshajua, akatafuna, akasifu chumvi.

Siku mbili tuliishi bila ya maneno. Mama akawa anakwenda msalani mwenyewe, anatembea kwa kunyata kama mgeni. Mimi nikawa nimepanga. Nitakwenda kwa kadhi, nitamweleza walii wangu kanizuia bila sababu, nitaozeshwa. Kabla ya hapo nitampigia yule bwana. Na nilishayapata mpaka maneno ya kumwambia bila ya kumvua mama nguo mbele za watu: nitasema ameanza kusimama, kidogo kidogo, tumshukuru Mungu. Uongo mdogo, wenye sitara, hauna wa kumuumiza.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikalia, na aliyepiga ni yule bwana mwenyewe.

"Nnakuuliza mara moja tu, sitakuudhi tena," akasema baada ya salamu. "Watu wangu wamenitafutia mtu wa huku huku Kengeja. Ijumaa wanataka jibu langu. Nimeona kabla sijawajibu nikuulize wewe. Mama vipi? Hajaweza kusimama bado?"

Maneno yangu yalikuwa tayari mdomoni. Nikainua uso. Mama alikuwa kwenye mlango wa chumbani, amesimama wima, mikono chini, hajaegemea popote. Sikio lake lile zima alikuwa amelielekeza kwangu. Akatikisa kichwa, mara moja, kidogo tu, kama alivyokuwa akinitikisia nilipokuwa mtoto nikinyoosha mkono kwenye sahani ya wageni.

Nimemtii mama yangu miaka arubaini na sita, na kutii ni kitu kinachokaa mwilini, hakingoji ukiambie.

"Bado," nikasema.

"Haya. Mungu atamjaalia," akasema yule bwana. "Na wewe akulipe."

Simu ikakatika. Mama alikuwa bado amesimama pale pale mlangoni, na mimi sikumwambia akae.